Chenga Machoni

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Barua yako imefika Alhamisi, imekunjika kama noti ya daladala, lakini imefika. Sie huku wazima, mvua tu ndiyo imetukamia. Habari ya macho ya nduguyo Idi nimeisoma mara tatu. Umeniuliza kama alichonacho ndicho changu. Ngoja nikupe changu kwanza, maana hata wewe sikuwahi kukuhadithia vizuri. Niliogopa utasema nimechezewa.

Unaikumbuka televisheni ya marehemu babu, ile yenye mgongo, antena ikiguswa kidogo inaleta chenga? Basi mimi ndivyo ninavyoiona dunia. Vitone vidogo vidogo vinachemka juu ya kila kitu, mchana na usiku, nikifumba macho vimo. Gizani ndiyo balaa. Nikitazama taa kisha nikageuza uso, ile taa naondoka nayo. Masikio nayo yanalia nzii. Magharibi nikitoka kwenye cherehani, taa za bajaji zanitia kiwi, na wiki iliyopita nimemkanyaga mguu mzee wa watu kajikalia barazani kwake. Akaniombea dua, mimi nikataka ardhi ipasuke.

Nilikwenda kupimwa mara mbili. Herufi nikazisoma mpaka mstari wa chini, nikatiwa matone ya kupanua mboni, wakachungulia. "Macho yako mazima, dada. Punguza simu." Mwenzangu, nilitoka nalia! Nilitamani wakute kitu, chochote. Wa tatu alikuwa daktari kijana, binti wa makamo yetu. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza, akaniuliza kama naumwa kipandauso (naumwa sana, wajua). Akasema jicho langu linapeleka picha sawasawa, ubongo ndio haujui kuzichuja. Wengi huanza na hali hii wakiwa vijana, wengine toka utotoni. Vigezo vya kuitambua vilipangwa 2014 tu, ndiyo maana hata madaktari wengine hawaijui. Wazungu wanaiita theluji ya machoni. Mimi theluji nimeiona ya Kilimanjaro kwenye kalenda. Zangu ni chenga. Dawa ya kuziondoa hakuna, ila kwa kawaida haziongezeki wala hazipofushi.

Sasa Idi. Katika barua yako yote hukutaja chenga hata mara moja. Umesema jioni hauoni mlango wa uani, anajigonga na ndoo iliyo ubavuni mwake, na mpira ukitokea pembeni haudaki, yeye aliyekuwa golikipa. Hiyo si yangu, Mwanaisha. Bibi yako anayemlisha ini na mchicha hajakosea, kwani ukosefu wa vitamini A huleta upofu wa usiku, na ukiwahiwa unatibika. Ila asimeze vidonge vya kujinunulia, vikizidi vinadhuru ini lake mwenyewe.

Kinachonitia hofu ni huo upande wa pembeni. Yapo maradhi ya kurithi ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, humpata kama mtu mmoja kati ya 4,000. Chembe zinazoona kwenye mwanga hafifu hufa taratibu, kwanza giza linamshinda mtu, kisha pembeni panafungwa, akawa anaitazama dunia kama anachungulia bombani. Huweza kuanza katika umri huu wa Idi. Na usinikasirikie kwa hili: wazee wako ni mtu na binamu yake. Sina neno na ndoa ile, nusu ya Ngamiani imeoana hivyo, lakini ugonjwa wa namna hii hujificha kwa wazazi wote wawili, wao wasione lolote, ukatokea kwa mtoto. Daktari mwambieni, msione haya.

Mpelekeni wiki hii. Ombeni apimwe upana wa anachokiona, si kusoma herufi peke yake, maana herufi atazisoma zote na mtarudishwa nyumbani kama mimi. Na pikipiki ya usiku mnyang'anyeni leo hii, hata akinuna.

Ile doti ya kanga uliyoagiza nimeipata, ya zambarau imekwisha, nimekuchukulia ya kijani. Atakuja nayo dada akipanda basi Jumatano. Idi akitoka kupimwa usisubiri barua, nipigie.

Wako,
Zuhura