Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Aliyetunukiwa Zawadi ya Uchumi

Mpwa wangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Habari za kutunukiwa kwako zawadi ya mhitimu bora wa uchumi zimetufikia hapa Ngamiani, na mama yako amekwisha kuwaeleza jirani wote. Hongera sana. Mimi mjomba wako nimefurahi zaidi kusikia kwamba siku hiyo hiyo walitunukiwa pia wahitimu bora wa uhandisi, kwa sababu fani hizo mbili zinastahili kusimama jukwaa moja.

Ninalisema hili kwa kuitazama bandari yetu. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikuweza kufunga gatini hapa Tanga. Zilihudumiwa nangani, takriban kilomita 1.7 kutoka gatini, mzigo ukashushwa kwenye matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mizigo majini, kisha ukapakuliwa tena nchi kavu, na gharama ya kuushika mara mbili ikaishia kwa mnunuzi. Wahandisi wakachimba kina hadi mita 13 na kuimarisha gati mbili zenye urefu wa jumla wa mita 450, na sasa meli hufika hadi gatini. Lakini kuamua kwamba zaidi ya shilingi bilioni 400 zitumike hapa, na kupima kama nafuu hiyo imefika kwenye bei ya mbolea anayonunua mkulima wa Lushoto, ni kazi ya mchumi, naye hawezi kuifanya vyema bila kujua tishari hufanya kazi gani.

Kuhusu zawadi yenyewe, wengi huitazama GPA, yaani wastani wa alama, peke yake, nami najua kwamba daraja la kwanza, kuanzia 4.4, umelikeshea. Hata hivyo, ningependa wanaotoa zawadi hizi wazipe uzito mkubwa ripoti za utafiti na za miradi ya mwaka wa mwisho, kwani humo ndimo mwanafunzi hukutana na swali ambalo hata mwalimu wake hana jibu lake tayari.

Nimezungumza na vijana wa kidato cha sita wa hapa mtaani, wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati) na wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), nao wanataka kukusikiliza Jumamosi utakayokuwa nyumbani, baada ya swala ya alasiri. Tafadhali mwombe mwenzako mmoja wa uhandisi afuatane nawe, muwaonyeshe hesabu za gati hizo, yeye za kina na zege, nawe za gharama na bei.

Mjomba wako,
Ngamiani, Tanga