Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Pamoja na Maelezo Kuhusu Makala Iliyoondolewa Jaridani

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka niwasilishe mbele ya Mkutano Mkuu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaomalizika. Shughuli za kawaida mnazifahamu, hivyo nitazipitia kwa haraka. Tulifanya vikao 10 vya usomaji kati ya 12 vilivyopangwa, tukatoa matoleo 2 ya jarida badala ya 3, tukaendesha warsha 1 ya uhariri, tukapokea vitabu 41 vya msaada kwa ajili ya maktaba, na wanachama wapya 9 walijiunga ilhali 5 walijitoa. Kamati Tendaji ilikutana mara 8. Nilihudhuria mara zote hizo 8 na vikao vyote 10 vya usomaji, na viwili kati ya vikao hivyo niliviongoza mwanzo hadi mwisho kwa sababu mtoa mada hakutokea. Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina.

Jambo lililowagusa wanachama mwaka huu ni moja, nalo ni uamuzi wa kuiondoa makala katika toleo maalumu la jarida lililotolewa kumkumbuka mwandishi mwenzetu aliyefariki. Yamesemwa mengi juu ya uamuzi huo, baadhi yake mbele yangu na mengi zaidi nikiwa sipo. Naomba radhi kwa urefu wa maelezo haya, lakini siwezi kukubali kwamba jambo lililohusu jina la marehemu limalizwe kwa sentensi mbili.

Makala ile ilikuwa na kurasa 9 na iliandikwa na mwanachama wa siku nyingi ambaye ninamheshimu. Ilidai kwamba riwaya ya kwanza ya marehemu haikuwa yake bali ilitungwa na mwanafunzi wake, kwamba alikuwa mlevi, na kwamba aliitelekeza familia yake. Niliisoma usiku mmoja nikiwa na kalamu nyekundu, na kila nilipokutana na neno “inasemekana” nililizungushia duara. Nilipofika mwisho nilihesabu duara 14. Kesho yake nilimwita mwandishi wa makala, nikaweka kurasa zile mezani, nikamwomba kwa upole aniambie kila duara alilisikia kwa nani. Duara 5 hakukumbuka. Duara 7 zilirudi kwa mtu mmoja, na mtu huyo nilipompigia simu alieleza kwamba aliyasikia maneno hayo msibani, katika kundi la waombolezaji ambao hakuwafahamu kwa majina. Duara 1 ilihusu deni ambalo lilikuwa la kweli na lililipwa. Duara ya mwisho ndiyo iliyonisumbua kuliko zote, kwa sababu chanzo chake kilikuwa riwaya yenyewe: katika sura ya tatu kuna mhusika anayeiba daftari la mwenzake, na wasomaji walikwisha kukubaliana kwamba hapo mwandishi alikuwa anaungama.

Nilibaini pia kwamba ukurasa wa 2 ulisema marehemu alikuwa mvivu aliyewaandikisha wengine, na ukurasa wa 7 ukasema alijifungia usiku na mchana akiandika hata watoto wake wakamsahau sura. Mtu hawezi kuwa yote mawili. Uvumi una tabia hiyo. Haudaiwi kupatana na wenzake, kila mmoja unapita mlango wake na kukuta wa kuupokea, na mwishowe unajumlishwa pamoja na kuitwa maisha ya mtu.

Katika kikao cha Kamati, wajumbe 3 walitaka makala ichapishwe na 3 walitaka iondolewe. Kura yangu ndiyo iliyoamua, na sijaijutia. Mwanachama mmoja alisimama katika mkutano wa dharura akatukumbusha kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Alipigiwa makofi, nami sikupewa nafasi ya kumjibu, kwa hiyo ninajibu leo. Methali hiyo inafaa mtu anayejiandaa kwa hatari asiyoiona bado, lakini haifai kuwa kanuni ya mhariri, kwa sababu marehemu hana namna ya kungoja lije ili alikanushe.

Wapo waliosema kwamba ninaukuza mno uzito wa makala moja katika jarida dogo. Nawaomba watazame yaliyompata Edgar Allan Poe, mwandishi wa hadithi na mashairi wa Marekani. Alifariki Baltimore tarehe 7 Oktoba 1849, na siku mbili baadaye gazeti moja la New York lilichapa tanzia iliyotiwa saini kwa jina la bandia, Ludwig, ikitamka kwamba ni wachache watakaohuzunishwa na kifo chake. Aliyeiandika alikuwa Rufus Griswold, mhariri ambaye Poe aliwahi kuukosoa hadharani mkusanyo wake wa mashairi ya Marekani. Griswold huyo huyo ndiye aliyekuja kuhariri maandishi ya marehemu, na mwaka 1850 akayaambatanisha na wasifu uliomchora kama mlevi asiye na utu. Ili wasifu uaminike, alizichezea barua za Poe kwa kuongeza maneno ambayo Poe hakuyaandika. Marafiki wa marehemu walijibu, na mwaka 1880 John Henry Ingram alitoa wasifu wa kumtetea, lakini uthibitisho wa wazi kwamba barua zilighushiwa ulitolewa na Arthur Hobson Quinn mwaka 1941. Ilichukua miaka 91 kulisafisha tope lililopakwa na mhariri mmoja, na hadi leo wapo wasomaji wanaoamini kwamba wendawazimu wanaosimulia hadithi zake ni yeye mwenyewe, kama vile wetu wanavyoamini kuhusu sura ya tatu.

Wala si lazima anayevumisha awe adui. Charlotte Brontë, mwandishi wa Uingereza aliyekuwa akiandika kwa jina la Currer Bell, aliitabaruku chapa ya pili ya riwaya yake ya Jane Eyre kwa William Makepeace Thackeray kwa sababu alimstahi tu kama mwandishi. Hakujua kwamba mke wa Thackeray alikuwa na maradhi ya akili. Kwa kuwa riwaya yenyewe ilimhusu yaya mwalimu katika nyumba ya bwana mwenye mke mgonjwa wa akili, watu wa London walijumlisha wenyewe na kuvumisha kwamba Currer Bell alikuwa mwalimu wa watoto katika nyumba ya Thackeray, na kwamba aliandika yaliyompata humo. Hapakuwa na ukweli wowote. Maneno machache ya heshima yalitosha kuzalisha kisa kizima, na kufikia mwisho wa mwaka 1848 tetesi hizo zilikuwa zimekwisha kutajwa hata na jarida zito la uhakiki. Mshairi Mwingereza John Keats naye alifia Roma mwaka 1821 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 25, lakini washairi wenzake waliompenda, wakiongozwa na Shelley, walieneza kwamba aliuawa na uhakiki mkali uliochapwa mwaka 1818. Walikusudia kumtetea, na badala yake wakamwachia jina la mtu dhaifu aliyekufa kwa maneno.

Sasa nije kwenye tuhuma dhidi yangu. Imesemwa kwamba nilimkinga marehemu kwa sababu ndiye aliyeniandikia dibaji ya kitabu changu cha kwanza. Ni kweli aliiandika. Nilipaswa kulitamka hilo kwenye Kamati kabla ya kupiga kura, nami nilidhani kila mjumbe analijua kwa kuwa jina lake liko kwenye ukurasa wa tano wa kitabu hicho. Hata hivyo naomba ieleweke kwamba katika toleo lile lile nilipitisha makala 3 za kumkosoa, mojawapo ikisema waziwazi kwamba riwaya zake mbili za mwisho ni hotuba zilizovalishwa majina ya watu. Familia yake ilinijia ikilalamikia makala hiyo, nikaitetea kwa zaidi ya saa moja, kwa sababu mhakiki alinukuu kurasa na kutia saini jina lake, na yeyote asiyeafiki anaweza kufungua kitabu na kubishana naye.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo nimeieleza kila niliposimama. Maoni yanayokinzana hayaui jina la mwandishi, mara nyingi ndiyo yanayolikuza. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo, yaani watetezi wa kanuni za ushairi wa kale, walisema haya si mashairi kwa sababu hayana vina wala mizani, na wengine wakasema ushairi wa Kiswahili umepata pumzi mpya. Walibishana kwa miaka mingi, kwa ukali, lakini walibishana juu ya beti zilizokuwa mbele ya macho ya wote, na mwanafunzi wa leo anaweza kuwasoma wote na kuamua mwenyewe. Mabishano ya namna hiyo ningeyachapa hata kama yangejaza jarida zima. Msomaji wa makala ile ya kurasa 9 hana pa kwenda kuhakiki, na kwa hiyo hawezi kuamua, anaweza tu kurudia.

Hoja moja ya wapinzani wangu ilikuwa nzito na sikuidharau. Mwanachama mmoja alisema kwamba kunyamaza kwetu kunawalinda wakubwa, na kwamba ikiwa kweli mwanafunzi aliibiwa kazi yake, basi tumemwibia mara ya pili. Kwa sababu ya hoja hiyo nilichukua hatua ambayo hakuna aliyeniagiza: nilimtafuta mwanafunzi huyo, ambaye sasa ni mtu mzima, nikamwandikia barua mbili. Alijibu baada ya miezi mitatu. Ameeleza kwamba ndiye aliyepiga chapa mswada wote kwa mashine, kwamba alikuwa akionekana kila jioni akitoka kwa mwalimu wake na daftari kwapani, kwamba alilipwa, na kwamba alisahihisha makosa ya tahajia lakini hakutunga sentensi hata moja. Ameongeza kwamba katika miaka yote ambayo kisa hicho kimezunguka, barua yangu ilikuwa ya kwanza kumuuliza. Nilipoisoma sentensi hiyo nilikaa kimya kwa muda mrefu. Kulikuwa na kitu kweli, daftari lilikuwepo na mwanafunzi alikuwepo, na watu walimaliza yaliyobaki bila kumpa mwenye kisa nafasi ya kusema.

Nilimpa mwandishi wa makala nakala ya barua hiyo na kumwomba aiandike upya akiitumia. Alikataa na kusema kwamba nimemdhalilisha. Mlango huo haujafungwa.

Sasa nizungumzie mahudhurio na ada, kwa masikitiko. Chama kina wanachama 68. Waliolipa ada ya mwaka ni 29, wasiolipa ni 39, na 17 kati ya hao huu ni mwaka wao wa tatu. Toleo la tatu la jarida halikutoka kwa sababu hiyo na si kwa sababu ya ugomvi, kama ilivyoenezwa. Wastani wa mahudhurio katika vikao vya usomaji ulikuwa watu 14. Kikao cha kuijadili riwaya ya kwanza ya marehemu, ile ile inayodaiwa kuibwa, kilihudhuriwa na watu 11. Mkutano wa dharura kuhusu makala ulihudhuriwa na watu 51, na 23 kati yao sikuwa nimewaona mwaka mzima. Kwa mujibu wa daftari la maktaba, nakala zetu 3 za riwaya hiyo ziliazimwa na watu 4 tu katika mwaka huu. Ninaowazungumzia ni wapenzi wa fasihi, na linaniuma kwamba wengi wenu mna msimamo mkali juu ya nani aliiandika riwaya ambayo hamjaifungua. Niliwapigia simu wadaiwa wote 39 kwa gharama yangu, na waliopokea waliniahidi. Naomba ahadi hizo zikumbukwe leo, mweka hazina akiwa hapa.

Kuhusu mwaka ujao, Kamati inatarajia kurejea kwenye matoleo 3 ya jarida hali ikiruhusu, kuimarisha maktaba, na kuangalia uwezekano wa kuwa na mwongozo wa uhariri utakaoeleza ni ushahidi gani unahitajika kabla ya jarida kuandika habari za maisha ya mwandishi, awe hai au marehemu. Rasimu nimeanza kuiandika mwenyewe. Ninapendekeza pia tuirudie riwaya ile katika kikao cha kwanza cha mwaka, kuanzia sura ya kwanza.

Namshukuru katibu, ambaye aliandika muhtasari wa mkutano wa dharura bila kuegemea upande wowote, na mhariri wa jarida, ambaye alibeba lawama ambazo zilikuwa zangu. Makala yenye duara 14, pamoja na barua ya aliyepiga chapa mswada, zimo katika jalada la katibu, na aliyepiga chapa ameridhia barua yake isomwe na mwanachama yeyote atakayefika ofisini. Hadi ninapoandika taarifa hii wamefika wawili.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti