Kadi tatu kwenye simu moja

Uyole, Mbeya

Mpendwa Atupele,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, mvua inanyesha vizuri na viazi vimeshaanza kuvunwa. Mama yako nilimkuta sokoni Mwanjelwa, mzima kabisa. Anasema umpigie Jumapili baada ya ibada.

Ujumbe wako kuhusu maktaba ya huko Syracuse, Jimbo la New York, nimeusoma. Umeomba riwaya moja kwenye Libby, ile programu ya simu ya kuazima vitabu vya maktaba, simu inakwambia usubiri wiki 14, nawe unauliza kitabu kisicho na karatasi kinaishaje. Swali hilo lilinisumbua sana nilipokuwa nasoma huko, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Kinachotuweka foleni ni mkataba. Maktaba hainunui kitabu cha mtandaoni kikawa chake. Inakata leseni, na kwa kawaida leseni moja humhudumia msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Mwenzako akikaa nacho siku 21, ninyi wengine mnangoja. Tena leseni ni ghali. Kitabu kipya ambacho wewe ungekinunua kwa dola 15, maktaba inaweza kutozwa hadi dola 60 kwa miaka miwili, kisha ilipe upya. Wachapishaji HarperCollins mwaka 2011 waliamua leseni yao ife baada ya kuazimwa mara 26. Wachapishaji Macmillan nao mwaka 2019 walisema kila maktaba, hata ya jiji kubwa, ipate nakala moja tu ya kitabu kipya katika wiki 8 za mwanzo. Maktaba kadhaa ziligoma kununua, na Machi 2020 wakaliondoa sharti hilo. Mimi naona ni uonevu, kwa sababu anayeumia ni mtu asiye na hizo dola 15.

Sasa sikiliza, maana wewe unaishi mahali pazuri. Maktaba ya Umma ya New York na ile ya Brooklyn hutoa kadi bure kwa mkazi yeyote wa Jimbo la New York, hata asiyeishi jijini. Ziombe zote mbili, uziingize kwenye Libby pamoja na hiyo ya kaunti yako, kisha kitafute kitabu kilekile kwenye kila kadi. Usitishwe na idadi ya watu walio mbele yako. Watu 300 wanaogawana nakala 100 watakwisha upesi kuliko watu 20 wanaogombea nakala moja, kwa hiyo angalia ni wangapi wanasubiri kwa kila nakala.

Omba vitabu kadhaa mapema, hata usivyo na haraka navyo. Zamu yako ikifika wakati uko na zile zamu za usiku hospitalini, usikiache kipotee: una siku tatu za kujibu, na unaweza kuchagua uletewe baadaye. Nakala inakwenda kwa anayefuata, wewe nafasi yako inabaki. Na ukimaliza mapema, tafadhali rudisha siku hiyohiyo, kuna mtu anakingoja. Angalia pia toleo la kusikiliza, lina foleni yake na mara nyingine ni fupi. Litakufaa ndani ya basi. Kama maktaba yenu ina hoopla, programu nyingine ya kuazima, huko kwa kawaida hakuna foleni, ila kila mwezi una kikomo, kwa kuwa maktaba hulipia kila unapoazima.

Sisi huku bila hizo kadi tunasoma pia. Nina akaunti ya Open Library, maktaba ya mtandaoni ya bure, niliifungua kwa barua pepe tu. Vitabu vingi pale vinaazimwa kwa saa moja moja, ingawa zaidi ya 500,000 viliondolewa kwa sababu ya kesi ya wachapishaji, na rufaa ikashindwa mwaka 2024. Vya zamani navipakua bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg nikiwa na bando, navisoma hata umeme ukikatika. Darasani kwangu natumia tovuti ya African Storybook: hadithi za Kiswahili, bure, na inaruhusiwa kuzichapisha. Watoto wa darasa la pili wananidai hadithi mpya kila Ijumaa.

Ukishapata kadi ya Brooklyn, niandikie umeanza na kitabu gani. Nikikikuta Open Library tutasoma pamoja, nawe utanisimulia zile sura ambazo saa yangu haikutosha.

Rafiki yako,
Tumaini