Maji kwenye injini ya turbo: wenye magari waelezwe ukweli kabla ya kufungiwa mfumo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wenye magari ya turbo (kifaa kinachotumia nguvu ya moshi kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) wa Nakuru, Kericho, Eldoret na Kisumu wanaoshawishiwa kufungiwa mfumo wa kunyunyizia maji ndani ya injini. Mfumo huu si utapeli. Ukifungwa sawasawa unalinda injini. Kinachotusumbua ni kwamba mara nyingi unauzwa kwa maneno ya uongo, kisha unafungwa nusunusu, na hiyo nusu inayoachwa ndiyo ingeokoa injini siku maji yakiisha.

Tuanze na uongo. Maji si mafuta. Hayawaki, hayaongezi petroli, na anayekuambia gari litatembea nusu kwa maji anataka pesa zako tu. Hata Bosch, walipotangaza mfumo wao wa kunyunyizia maji mwaka 2016, walisema petroli inaweza kupungua hadi asilimia 13, tena injini ikikazwa, kwa mfano kwenye mwendo wa kasi wa barabara kuu. Kwenye foleni ya mjini hupati kitu, kwa sababu mfumo wenyewe haujawaka.

Kazi ya maji ni kupoza. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hufyonza joto la kilojuli 2,260 hivi. Kilo moja ya petroli hufyonza takriban 350 tu. Kwa hiyo ukungu mdogo wa maji kwenye hewa inayoingia hufanya kazi ambayo bila hivyo kompyuta ya gari huifanya kwa kumwaga petroli ya ziada ili pistoni na turbo visiungue. Akiba inayozungumzwa inatoka kwenye hiyo petroli ya ziada.

Huku kwetu juu jambo hili lina uzito kuliko pwani. Tuchukue injini inayotaka jumla ya bar 2 za presha ya hewa kwenye maingilio, turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, na joto la nje nyuzi 25 kote. Mombasa hewa yenyewe ina bar 1, turbo inaizidisha mara 2, na inatoka na nyuzi kama 118. Nakuru tuko mita 1,850 juu ya bahari na hewa ina bar 0.81 hivi. Ili kufikia bar 2 zile zile, turbo lazima iizidishe karibu mara 2.5, na hewa inatoka na nyuzi 150. Kisumu iko chini zaidi, ila joto la mchana linachukua nafasi ya mwinuko. Kule Timboroa, zaidi ya mita 2,700, baridi ya nje inasaidia, lakini turbo inazungushwa kwa kasi zaidi, na intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, haipati upepo wa kutosha gari linapopanda polepole nyuma ya lori.

Hewa ikiwa ya moto hivyo, mchanganyiko uliobaki kwenye pembe za silinda hujilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Huko ndiko kugonga kwa injini. Sensa ya kugonga husikia, kompyuta inarudisha nyuma taimingi (wakati plagi inapotoa cheche), na dereva anaona gari limekuwa zito. Magari mengi ya turbo yaliyotumika yanayotoka Japani yalipangiwa petroli ya juu ya huko, yenye oktani (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) karibu 100. Ya pampu zetu za kawaida haifiki hapo. Sensa hulinda hadi kiwango fulani. Ikizidiwa, kingo zinazoshika ringi za pistoni hupasuka, moshi wa buluu unaanza, na gari linapungukiwa na oili bila kuvuja popote. Kabla ya kufika huko, ng'oa plagi uitazame kwa tochi. Ukiona kwenye kauri nyeupe vijidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, injini inagonga. Ukiona chembe zinazometameta, hiyo ni alumini ya pistoni yako. Usifungiwe chochote, injini ipimwe kwanza.

Jambo hili si geni. Ndege za kivita za Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia zilitumia mchanganyiko ulioitwa MW 50, nusu maji na nusu methanoli, pamoja na dawa kidogo ya kuzuia kutu. Mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani iliuza Jetfire, gari la turbo lenye chupa ya maji na methanoli. Wenye magari wengi hawakujaza ile chupa, lakini kiwanda kilikuwa kimeweka vali ya kupunguza nguvu chupa ikikauka. BMW M4 GTS ya mwaka 2016 ina tanki la lita 5 nyuma, injekta 3 za maji, na likikauka kompyuta inashusha presha ya turbo na kurekebisha taimingi, gari linaendelea na safari. Viwanda vyote viwili vilifikiria kwanza siku ambayo dereva atasahau. Mifumo mingi inayofungwa mitaani haina kinga hiyo, na wakati huohuo fundi amepandisha presha ya turbo kwa kutegemea maji. Gari la namna hiyo likiishiwa maji mlimani, injini hugonga hadi kuharibika kabla dereva hajajua kumetokea nini.

Mfumo kamili una tanki, chujio, pampu ya diaframu ya bar 10 hadi 14, bomba la nailoni la milimita 6, vali ya solenoidi (inayofunguka kwa umeme), vali ya kuzuia kurudi nyuma, nozeli (kitundu kinachonyunyiza), kidhibiti kinachosoma presha ya turbo, swichi ya kiwango cha maji ndani ya tanki, na sensa ya mtiririko kwenye bomba. Hizi mbili za mwisho ndizo huachwa ili bei ishuke. Swichi ya tanki pekee haitoshi: tanki laweza kuwa limejaa na nozeli imeziba, au bomba limechomoka. Sensa ya mtiririko ndiyo inayojua kama maji yanafika kweli. Waya wake upelekwe kwenye solenoidi inayoongoza westigeti, kile kimlango cha turbo kinachomwaga moshi pembeni, ili mtiririko ukitoka nje ya kipimo umeme ukatike na presha irudi kwenye ile ya springi peke yake, kwa kawaida bar 0.5 au 0.6. Taa ya kwenye dashibodi si kinga. Mtu anayempita lori Mau Summit haangalii taa.

Ukubwa wa nozeli hukosewa karibu kila mara, na hesabu yake si ngumu. Injini ya turbo ya hospawa 250 ikikanyagwa hadi mwisho hunywa takriban kilo 1.1 za petroli kwa dakika. Maji yawe asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo, yaani mililita 110 hadi 170 kwa dakika. Nozeli ya mililita 150 inatosha. Ukifungiwa ile ya injini ya hospawa 500, cheche ya plagi inazimwa, injini inakohoa, na fundi asiyejua anaanza kubadilisha koili. Ukumbuke pia kwamba presha ya turbo inasukumana na ya pampu: pampu ya bar 10 ikipambana na turbo ya bar 1, inabaki na bar 9 za kazi, na mtiririko hupungua kwa asilimia 5 hivi.

Nozeli ikae baada ya intakula, sentimita 10 hadi 15 kabla ya throtoli (kimlango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta), na isiwe kabla ya sensa ya kupima hewa, maana tone moja kwenye ule uzi wa sensa hudanganya kompyuta. Ikifungwa kabla ya intakula, maji hujikusanya chini yake, na siku moja yanamezwa yote kwa mkupuo. Maji hayakandamiziki kama hewa; konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni, ndiyo inayopinda. Hatari hiyohiyo iko tanki likiwa juu ya nozeli. Maji hushuka kwa uzito wake, na bila solenoidi yataingia polepole hata pampu ikiwa imezimwa. Weka tanki chini ya usawa wa nozeli, na solenoidi iwe karibu na nozeli, si karibu na pampu.

Mfumo uanze kunyunyiza presha ikifika nusu ya kiwango cha juu: turbo ya bar 1 ianzie bar 0.5, kisha maji yaongezeke kadiri presha inavyopanda. Usiruhusu maji kabla injini haijafika nyuzi 70. Injini baridi haiyageuzi kuwa mvuke. Yanapita kwenye ringi na kuingia kwenye oili, na chini ya kifuniko cha oili utaona utando wa rangi ya maziwa. Pampu iwe na relei na fyuzi yake, ampea 15 hadi 20 kulingana na maelezo ya pampu, na waya wake usiibiwe kwenye taa au kwenye waipa. Nafasi ya plagi ipunguzwe hadi milimita 0.6 au 0.7.

Kuhusu maji yenyewe tunaomba watu wasibanie senti. Visima vya Nakuru vina floraidi na chumvi nyingi. Maji yakikauka, chumvi hubaki kwenye tundu la nozeli, ambalo halifiki hata milimita 1. Ya mfereji, ya chupa za kunywa na ya mvua iliyopitia kwenye mabati, yote yana vitu. Tumia maji ya betri yaliyotoneshwa, na uwe mwangalifu kuliko kawaida, kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo, katika chupa zinazofanana. Asidi ikiingia itakula pampu na alumini yote ya maingilio. Kipimo kidogo cha mkononi cha chumvi za majini kinaondoa shaka: maji safi yasome chini ya sehemu 10 kwa milioni, na asidi itapandisha namba mara moja. Usitumie tanki la waipa ikiwa limewahi kutiwa sabuni.

Wengine watakushauri uchanganye na methanoli. Ni kweli inaongeza oktani, na nusu kwa nusu ni kipimo kinachojulikana. Lakini ndiyo sumu iliyoua watu wengi mwaka 2014 katika pombe haramu. Inapofusha, inapita hata kwenye ngozi, na moto wake hauonekani mchana. Haifai kukaa kwenye chupa ya soda ndani ya gari linalobeba watoto. Kwa gari la barabarani maji matupu yanatosha. Spiriti ya dukani yenye rangi pia usiitie. Ile rangi inaganda kwenye nozeli.

Wenye dizeli wanatuuliza sana. Kwenye dizeli maji hupunguza joto la ekzosi na gesi za naitrojeni, na hilo husaidia pikapu inayovuta mzigo. Hakuna kugonga kwa aina ya petroli kwa kuzuia, na methanoli nyingi huko huwaka mapema na kuleta madhara. Kwa hiyo maji peke yake, na yaanze presha ikiwa juu zaidi.

Kabla hujamlipa fundi, mwambie achomoe nozeli, aielekeze kwenye jagi lenye vipimo, awashe pampu dakika 1. Nozeli ya mililita 150 itoe kati ya 135 na 165, na yatoke kwa umbo la pia, ukungu mtupu. Yakitoka kama uzi, irudishwe. Pampu ikizimwa, matone yakome mara moja. Kisha bomba lichomolewe makusudi na gari liendeshwe likiwa na skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari): presha ya turbo ishuke yenyewe. Isiposhuka, kinga haipo, hata kama risiti inasema ipo. Mwisho, linganisha kwenye skana joto la hewa ya maingilio na kiasi ambacho taimingi inarudishwa nyuma, kwenye mlima uleule, maji yakiwa yamefungwa na yakiwa yamefunguliwa. Joto likishuka na taimingi ikitulia, umepata ulichonunua. Hapo bado hujagusa presha ya turbo, na ushauri wetu ni kwamba usiiguse. Mwenye Subaru au Golf inayopanda Salgaa kila siku anahitaji injini inayodumu, na presha ya kiwandani pamoja na maji inampa hiyo.

Tunawaomba wenzetu wanaouza mifumo hii waandike kwenye risiti mambo manne: ukubwa wa nozeli kwa mililita, presha ya pampu, presha ambayo maji yanaanzia, na presha ambayo turbo itashukia maji yakikatika. Nakala ibandikwe chini ya boneti, ili fundi wa Kisumu akifungua gari lililofungiwa Nakuru ajue anashika nini.

Mafundi wa injini za turbo,
Nakuru