Risala ya Kikundi cha Watunza Korongo, Eburru, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chifu wetu, wazee, akina mama na vijana, hamjambo. Karibu sana Eburru. Umefika kabla ya saa sita, na hiyo ni heshima tusiyoizoea.

Kikundi chetu, kinacholinda korongo hili, yaani bonde lenye mawe yaliyochongwa na watu wa kale, kilianza na watu saba. Leo tuko 23, tumepanda miti na kuwatembeza wanafunzi wa shule zote za jirani. Hakuna kikundi mlimani kilichofanya makubwa kama haya.

Mheshimiwa, mali yetu ni obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Kibanzi kilicho mezani pako kishike juani: ukingo wake hupitisha mwanga kama chai ya rangi, na hupasua ngozi ya mbuzi bila kukwama. Kule Kariandusi, alikochimba mwanaakiolojia Louis Leakey mwishoni mwa miaka ya 1920, watu wa kale walilichonga kuwa mashoka ya mkono. Vibanzi vya jiwe la huku kwetu Naivasha vimepatikana Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, mwendo wa kilomita 300 hivi. Wataalamu walijua vimetoka huku kwa sababu kila machimbo yana kemia yake. Lakini kibanzi kikishang'olewa katika tabaka lake la udongo, hakisemi tena ni cha enzi gani.

Ndiyo maana korongo letu linatuuma. Malori huja usiku kuchota changarawe. Asubuhi tunakuta alama za magurudumu, na pale wahenga walipokuwa wakiketi kuchonga visu pamebaki vumbi lenye kung'aa.

Ombi letu ni moja: mabunda 12 ya seng'enge na lango la chuma. Si ombi geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi, tunayemheshimu sana, aliahidi hayo hayo, hapa hapa, akasema yatafika kabla ya masika. Tulipiga makofi. Masika yamepita mara mbili, na nguzo tulizokata kwa kuamini neno lake zimeliwa na mchwa. Aliyemfuata alituletea fulana. Tunazivaa na tunamshukuru, lakini fulana haizuii lori.

Safari hii nguzo ni za mwerezi, na mashimo yake tumeshachimba, 60, kuanzia nyuma ya hema hili. Tunakuomba, Mheshimiwa, kabla ya chakula, utembee nasi hadi shimo la mwisho, kisha ututajie tarehe mbele ya wazee hawa.

Ni sisi wanakikundi.