Usinunue skrini mpya bado

Salim sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale unaposema kwamba ukiendesha gari ndani ya gemu, nyaya za umeme zinakatikakatika, uzio unametameta na majani ya miti yanachemka. Ukaniuliza kama ununue skrini nyingine. Ngoja kwanza. Skrini yako haina kosa.

Kwa kila pikseli, kile kimraba kidogo cha picha ya skrini, kadi ya grafiki inayoichora huchungulia nukta moja tu ya mandhari na kuuliza: hapa pana rangi gani? Waya mwembamba kuliko pikseli ama unapita kwenye nukta hiyo, ama haupiti. Ukipita, pikseli nzima inakuwa nyeusi. Usipopita, ni kama waya haupo. Gari likisogea kidogo tu, majibu yanageuka, nawe unaona waya unatokea na kupotea. MSAA uliyoiwasha ni mbinu ya kulainisha kingo za maumbo tu. Majani mara nyingi ni picha iliyotobolewa na kubandikwa kwenye bapa, na kingo zake ziko ndani ya picha hiyo, kwa hiyo MSAA peke yake haiyafikii. Mng'ao wa lami iliyolowa nao ni vivyo hivyo.

Dawa ninayoiamini kuliko zote ni supasampulingi: kadi ichore picha kubwa kuliko skrini, kisha iipunguze. Skrini yako ni 1920 kwa 1080, yaani pikseli 2,073,600. Ukiiambia kadi ichore 3840 kwa 2160 zinakuwa 8,294,400, mara nne kamili, na kila pikseli unayoiona ni wastani wa nne zilizochorwa. Waya ukigusa moja kati ya hizo nne, unapata robo ya weusi wake. Hautoweki tena ghafla, unafifia na kukolea taratibu. Majani nayo yanatulia, kwa sababu hapa kila kitu kinapimwa upya, si kingo peke yake. Wazo lenyewe si geni: kampuni ya 3dfx ililinadi mwaka 2000 kwenye kadi za Voodoo 5, ila kadi za wakati ule zilielemewa upesi.

Yako haitaelemewa. Umeniandikia mwenyewe kwamba gemu hiyo ya zamani inakwenda fremu, yaani picha nzima, zaidi ya 200 kwa sekunde, na skrini yako inaonyesha 60 tu. Zile nyingine zinachorwa bure, Salim! Inaniuma kuona nguvu yote hiyo inapotea huku uzio unametameta mbele yako.

Fungua paneli ya NVIDIA, ingia kwenye mipangilio ya 3D, tafuta DSR (ndivyo NVIDIA wanavyoiita supasampulingi hii), uchague 4.00x. Chini yake kuna kipimo cha ulaini ambacho huja kikiwa 33%. Kishushe hadi 0, kwani mara nne inagawanyika sawasawa na ukungu hauhitajiki. (Kwa 1.50x na mfano wake usikishushe hivyo, maana pikseli hazilingani na picha inakwaruza.) Kisha ndani ya gemu chagua 3840 kwa 2160. Usipoiona, badilisha kwanza rezolusheni ya Windows yenyewe. Ndugu yako mwenye kadi ya AMD atafute VSR. Kazi ni ileile.

Mimi kwa gemu mpya natumia DLDSR ya 2.25x, ndugu ya DSR iliyokuja Januari 2022 kwa kadi za NVIDIA za RTX. Inachora 2880 kwa 1620 na kuachia akili bandia kazi ya kupunguza. Kwa macho yangu inaikaribia sana ile ya mara nne, ingawa wakati mwingine inanoa kingo kupita kiasi. Maandishi ya menyu huenda yakawa madogo. Gemu nyingine zina sehemu ya kuyakuza. Na ukicheza mashindano ya kulenga shabaha, zima supasampulingi kabisa. Huko kuwahi ndiko muhimu.

Juzi nilisimamisha gari chini ya mnara wa umeme, nikaufuata waya mmoja kwa macho hadi ulipozama nyuma ya kilima. Haukukatika hata mara moja. Nilikaa pale muda mrefu, mbio nimezisahau.

Jaribu leo usiku, kwenye uzio uleule, kisha uniandikie ulichokiona.

Wako,
Idi