Fedha za misitu zisiishie kwenye kupanda miche

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wapangaji wa bajeti kuwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza, iliyotangazwa mwaka 1997, kupanda miche pekee hakutoshi. Msizi, mti ulioletwa huko enzi za ukoloni na ambao mbegu zake husambazwa na hondohondo wanaokula matunda yake, huwahi kila pengo lililoachwa na ukataji wa zamani kabla miti ya asili kama msambu haijainuka.

Fedha za siku ya upandaji miti hupatikana upesi, labda kwa sababu hupendeza pichani. Zinazohitajika zaidi ni za vitalu vya miti ya asili na ujira wa wanavijiji watakaong'oa misizi michanga mwaka hadi mwaka; fungu hilo litengwe na Serikali yenyewe bila kusubiri mfadhili.

Msomaji wako,
Tanga